Nsimire Si Roho wa Mvua

Apolline alikuwa akishona sare za shule barazani kwake Ibanda, mtaa wa mji mmoja wa Kivu, aliposikia wimbo wa marehemu mume wake ukitokea nyumba ya jirani. Ulikuwa mwaka 1999, mji uko mikononi mwa waasi. Aliacha cherehani akaenda.

Jirani huyo, Maman Priscille, alikuwa ametumiwa diski na rafiki yake wa Ubelgiji.

"Nani anaimba hivi?"

"Mwanamuke moja wa kule Poto, kwa Wazungu. Wameandika: wimbo wa asili wa Kivu, mutunzi hajulikani. Nsimire, roho wa mvua."

Apolline aliketi chini. Mume wake, Mushagalusa, alikuwa mpiga lulanga, zeze la kabila lao la Bashi. Nsimire alikuwa binti yao; surua ilimchukua kabla hajaanza shule, na baba yake akamtungia wimbo ule siku za matanga. Baadaye alikuja Mzungu mmoja wa Ubelgiji na mashine ya kurekodi. Mushagalusa alimkaribisha kwa kasiksi, pombe ya ndizi, akamwimbia. Mji ulipoanguka mwaka 1996, risasi ilimpata Mushagalusa wakikimbilia kijijini kwao Nyantende. Alizikwa kando ya njia, bila padri, bila cheti.

"Nsimire hapana roho wa mvua," Apolline alisema. "Iko mutoto wangu. Nilimuzika mimi mwenyewe."

Wakili mmoja, Maître Honoré, alikubali kumtetea. Aliitaka kampuni ya Ubelgiji iliyotoa diski hiyo iandike jina la mtunzi. Kampuni ikajibu kwamba mjane athibitishe kwanza kuwa mumewe amekufa. Apolline akapata cheti cha kifo kwenye ofisi ya komini. Kikakataliwa, kwa sababu muhuri wake ulikuwa wa utawala wa waasi, usiotambuliwa. Muhuri uliotambuliwa ulikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita.

"Kwa hiyo bwana yangu hakufa?"

"Kwa sheria yao, bado, maman."

"Basi waniambie anakula wapi."

Walingoja hadi nchi ilipounganishwa tena, mwaka 2003. Cheti kikapatikana. Wazee wa Nyantende wakaapa mbele ya hakimu kwamba walimsikia Mushagalusa akiutunga wimbo ule. Apolline naye alitakiwa kuimba ili maneno yaandikwe. Karani akamkatiza: "Rudilia, maman, sikupata ubeti wa pili." Apolline akarudia kifo cha mwanawe, sauti imekauka kama ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Siku ya jibu, Honoré alimwita ofisini, uso umechangamka.

"Wameogopa, maman! Diski mupya imetoka, wimbo wameutosha, haumo tena."

"Niliomba waandike jina yake."

"Wanasema kuandika jina ni kukubali kosa. Kuutosha ni rahisi."

"Wakati walikuwa wanaiba, mutoto wangu alikuwa anaitwa kule. Sasa hata kuitwa haitwi."

Wakili alieleza kwamba kesi ingeweza kufunguliwa upya, lakini huko huko Ubelgiji, mbele ya mahakama zao.

"Na sauti yake?" Apolline aliuliza. "Ile Mzungu alirekodi kwangu. Mimi sina hata moja. Wanirudishie ile tu."

Honoré alishusha macho. "Niliwauliza, maman. Wanasema ile bande, ile kanda ya sauti, ni mali ya kampuni."

Apolline alifunga kitenge chake vizuri, akatoka bila kuaga.