Poda ya Yaa Asabea

"Nimesema waya wangu usiguswe!" anafoka Ofosuhene, dereva wa teksi, mkono juu ya boneti.

"Kaka, betri imekuzimikia mara tatu wiki hii. Unangoja ya nne?" anajibu Yaa Asabea bila kuinua kichwa.

Saa tatu asubuhi, gereji za Suame, Kumasi. Teksi inanguruma. Asabea, mwenye miaka 38, ni fundi umeme wa magari. Anagusisha mita kwenye altaneta, mashine inayochaji betri: volti 14.3. Anaihamishia kwenye betri: 12.

"Altaneta nzima. Umeme unatoka, haufiki. Waya umeharibika njiani."

Anaufuata kwa kidole hadi ulipolala juu ya bomba la moshi. Mpira umeyeyuka, shaba imegeuka kijani. Katikati kuna kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mwekundu.

Utepe huo anaujua. Ni wa Mzee Boadi, bosi aliyemfundisha kazi.

"Basi asante," anasema dereva. "Ugonjwa tumeujua. Nampelekea Mzee Boadi autibu."

"Si ndiye aliyeuleta!"

"Yule fundi. Wewe nani alikumwagia poda?"

Banda la jirani linaangua kicheko.

Hapo ndipo panapouma. Hapa Suame, mwanafunzi akihitimu, bosi humwagia poda kichwani mbele ya mafundi wote. Asiyemwagiwa hubaki mwanafunzi hata azeeke. Asabea alimtumikia Boadi miaka minne. Wenzake watatu, ambao yeye ndiye aliwaonyesha namna ya kushika mita, wote walimwagiwa.

"Mimi niliambiwa ningoje kwa kuwa nina mimba," anasema. "Mwanangu yuko darasa la sita. Bado nangoja."

Tangu hapo madereva humletea magari atafute ubovu, kisha huyapeleka kwa wengine. Kutafuta ubovu hulipwa cedi 20. Kubadilisha waya ni 150.

Siku moja Boadi alipoulizwa kuhusu poda hiyo, alicheka. "Nilisahau. Sasa nitamwagia mama mzima poda? Watu watasemaje?"

Asabea anaiweka mita chini. Anavuka barabara hadi kwa muuza sabuni, anachukua kopo la poda.

"Ya mtoto?" anauliza muuzaji.

"Ya fundi."

Anasimama katikati ya njia, mbele ya banda la Boadi, na kulimimina lote kichwani mwake. "Yaa Asabea," anasema kwa sauti, kama mabosi wasemavyo, "umehitimu. Nenda kafanye kazi."

Hakuna anayecheka. Boadi anajifanya anatafuta bisibisi.

Asabea anarudi mweupe hadi kidevuni. "Kaka, mlango wa Boadi ule pale. Ama uende, ama uzime gari."

Ofosuhene anautazama utepe mwekundu. Anaingiza mkono dirishani, anazima.

Asabea anafungua waya wa hasi wa betri. Poda inamwingia machoni, hapangusi. Anashika koleo na kuukata waya pande zote mbili za kile kiungo.