Nilidhani ni kuku wa zawadi

Leo nimeingiza mkono bila glavu kwenye kiroba cha kuku aliyekufa.

Mnajua kazi yangu: karani wa mapokezi kwenye maabara, ile inayochunguza mafua ya ndege kwa kuku na kwa wafugaji wao. Wafugaji wakija kushukuru huleta ndizi, maziwa, hata kuku.

Basi asubuhi kaingia mama mmoja kutoka Oldonyo Sambu, kiroba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea kuku."

Nikapokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. "Ubarikiwe, mama." Nikaingiza mkono nione kama kamba ya miguu imembana.

Alikuwa amepoa.

"Mama, mbona huyu amekufa?"

"Si ndiyo maana nimemleta? Daktari alisema akifa mwingine tumlete apimwe."

(Mafunzo ya glavu niliyahudhuria yote. Msinicheke.)

Daktari wa utafiti akaninawisha, akanichukulia sampuli puani na kooni. Hapo nilikuwa najililia mwenyewe tu. Kisha akamgeukia mama: "Na wale waliokufa kwanza, mliwafukia wapi?"

Mama akanitazama mimi, si yeye.

"Tuliwala. Wajukuu ndio waliowanyonyoa. Mdogo ana homa tangu juzi."

Gari la maabara limeshaondoka kwenda nyumbani kwa mama. Majibu hayajatoka, yangu wala ya kuku.

Niombeeni. Ila muanze na yule mtoto.