Wageni wa Mgonjwa na Flashi Zao

Daktari alipomwambia mama kwamba rovu lile la shingoni lazima litolewe, na kwamba kamba za sauti ziko karibu mno na mahali pa kukata, mama hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kama ataimba. Daktari, kijana mwenye adabu zake, akasema hawezi kuahidi. Tukatoka hospitalini mama amenuna kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi. Mimi nilikuwa nikiishi Nyamwamba, mjini Kasese, na mama alikuwa kwake Bwera, karibu na mpaka, alikoolewa akitokea Butembo, upande wa pili. Kanisani Bwera ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kwenye msiba aliitwa kabla hata jeneza halijatafutwa. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa na ukwaruzo, ilifika mbali, na ilikuwa na amri ndani yake. Mimi nilirithi ile amri tu.

Kabla ya upasuaji nilimleta kwangu, nikamkalisha mbele ya kompyuta yangu kuukuu, nikachomeka maikrofoni ya kuazima na kumwambia aimbe zote. Akaimba za kanisani, za kubembeleza watoto, za kupalilia mihogo. Kilichonikera ni kwamba kila baada ya mstari alinyamaza, akatazama dirishani, ndipo akaendelea.

"Mama, imba mfululizo," nilimwambia. "Unajaza kimya kitupu humu."

"Hapo ni ya batu kujibu," akasema kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Mimi niko naongoza tu."

Nikaacha. Kubishana na mama ni kujichosha bure. Kompyuta yenyewe ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo nyimbo zote niliziweka kwenye flashi kubwa iliyochomekwa nyuma yake, na hapo ikakaa.

Upasuaji ulikwenda salama. Jeraha likapona, mama akaanza kula vizuri, lakini sauti ikabaki ya kunong'ona. Daktari alisema huenda ikarudi na huenda isirudi. Haikurudi.

Kwetu mgonjwa haachwi augue peke yake. Wageni walimiminika kutoka Bwera na kwingineko, na matoke, sukari na sabuni. Mjomba anayenunua samaki Kasenyi alikuja na sato wa kukaushwa walionukisha nyumba nzima. Kwa kuwa mama hakuweza kuzungumza nao, niliwapigia nyimbo zake, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Kila mgeni akatoa flashi. Mmoja kaifunga kwenye funguo, mwingine kaivaa shingoni pamoja na rozari, wengi walizichomoa kwenye viredio vyao, maana miaka ile hakuna nyumba iliyokosa kiredio kidogo chenye tundu la flashi. "Nitilie na mimi kidogo," walisema, utadhani wanaomba chumvi. Ungemnyimaje mtu aliyepanda gari toka Bwera kuja kumwona mama yako? Nikawa nachomeka hii, nachomoa, nachomeka ile.

Asubuhi moja, wageni wamepungua, nikawasha kompyuta ili mama ajisikilize. Folda zote za nyimbo zilikuwa zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Nikibofya, naambiwa kitu hicho hakipo. Nikazima, nikawasha, nikabofya tena kwa hasira kana kwamba hasira inafungua faili. Nikakimbia kwa jirani aliyechukua nyimbo wiki ileile, nikamwomba flashi yake. Nayo ilikuwa mishale mitupu. Nikajua ni virusi, tena vimeletwa na wageni, na mimi kwa mikono yangu nimewagawia wote waliokuja baadaye. Niliitukana ile mashine kwa Lukonzo na kwa Kiswahili.

Shemeji yangu, aliyesomea kompyuta Kampala, alikuja akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa," akasema. "Piga format, ufute vyote, uanze upya."

"Nianze upya kwa koo la nani?" nilimuuliza.

Mama alikuwa ameketi palepale, shingo imezungushiwa kitambaa, amesikia yote. Akanong'ona, "Basi, imeenda. Acha." Hilo neno liliniuma kuliko virusi vyenyewe, kwa sababu katika maisha yangu sikuwahi kumsikia mama akisema acha. Nilikwenda jikoni nikalia, wala sikujificha.

Format sikupiga. Sikuwa na sababu ya maana, ni ukaidi tu.

Siku niliyomrudisha mama Bwera ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tukipita kwenye meza za nyanya aliponishika mkono akasimama. Nilidhani ameishiwa nguvu. Kumbe anasikiliza. Kwenye meza ya muuza nyanya mmoja, mwanamke wa kanisani kwake aliyekuwa miongoni mwa wageni wetu, kiredio kilikuwa kimeegemezwa kwenye kikapu, na ndani yake mama alikuwa anaimba. Mstari, kisha kimya. Na kwenye kile kimya, muuza nyanya na wenzake wa meza za jirani wakaitikia kwa pamoja, bila hata kuinua vichwa, mikono inapanga nyanya.

"Hiyo umeitoa wapi?" nilimkaripia, mtu wa watu.

"Kwako, mama! Siku ile tulikuya kuona mugonjwa."

"Lakini ziliharibika zote."

"Ziliharibika namna gani? Iko naimba kila siku!"

Akacheka, akaanza kutusalimia sawasawa. Mimi nilibaki nimekodolea macho kile kiredio. Hakina kioo cha kuonyesha folda wala mshale. Kinasoma tu kilichomo. Basi kama kinaimba, nyimbo zimo! Virusi havikufuta kitu, vilizificha tu folda, kompyuta isizione. Na wenzangu wa Bwera, ambao hawana kompyuta, hawakuwahi kujua kwamba kuna msiba. Muda wote niliokuwa nikilia Kasese, mama alikuwa akiimba sokoni.

Nilimpigia shemeji simu hapohapo, kati ya nyanya. Kesho yake alikuja kwangu na sidii aliyoichoma yeye mwenyewe, yenye programu mpya ya kuua virusi. Flashi hataki tena kuiona, alisema, lakini sidii ikishachomwa hakuna kidudu kinachoingia. Sikumchokoza kuhusu format. Nilimchokoza baadaye, na hadi leo ninamchokoza.

Kwanza alikizima kijiprogramu cha virusi kilichokuwa kikijiwasha kila kompyuta inapoamka, maana ukifuta mishale chenyewe kingali hai, inarudi. Kisha akaiacha ile sidii ifagie kila kona, tukanywa chai mbili tatu. Halafu akaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Zikajitokeza folda zote, rangi zimepauka kama nguo zilizosahauliwa juani. Akaandika amri moja fupi, rangi ikarudi. Nilizihesabu kwa kidole kwenye kioo, za kanisa, za watoto, za mihogo. Nikazihesabu tena kuanzia mwanzo.

Kazi haikuishia hapo. Flashi chafu moja ingetosha kuturudisha tulikotoka, kwa hiyo mama aliomba litolewe tangazo baada ya misa: kila aliyekuja kumwona mgonjwa alete flashi yake ikatibiwe. Nikaipeleka kompyuta Bwera. Walileta wakinung'unika, wakaziweka kwenye ungo wa mama, kila moja na kitambaa chake cha kuitambulisha.

"Yangu haiumwi," muuza nyanya aliniambia, ameing'ang'ania. "Ukiifuta, utaniimbia wewe?"

Nilipomaliza ya mwisho, yake, niliwasha nyimbo ili aamini. Mama akasogeza kiti. Sauti yake ya zamani ikaongoza mstari wa kwanza, kisha ikanyamaza, kama alivyonyamaza siku ile akitazama dirishani. Nikafungua kinywa niitikie. Mama akaninyooshea kidole ninyamaze, akajiitikia mwenyewe kwa mnong'ono, hadi mwisho wa wimbo, bila kuruka hata pengo moja. Ulipokwisha, akaniambia niurudie, na safari hii sote tuitikie.