Meza Dawa, Nakuangalia

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha chini cha laptop na kuzipanga skrubu kwenye kisosi, kila moja kwa zamu ilivyotoka. Nikachomoa diski ya zamani, nyembamba kama biskuti.

Humo ndani kulikuwa na mwanamume. Nilikuwa nimeamua kumtoa.

Nianzie mbali kidogo.

Mimi huhariri video za harusi, kazi niliyojifundisha mwenyewe. Kompyuta yangu ya awali ilikuwa ikibeba video moja inahema kama mzee anayepanda ngazi. Nikajibana, nikanunua laptop ya bei mbaya mkononi kwa mtu. Mwili wa chuma, kioo kinachoonyesha hadi uzi wa shela. Muuzaji, kaka mmoja mpole, alisema imesafishwa, vya zamani vyote vimefutwa.

Siku ya kwanza, saa saba mchana, nikiwa peke yangu chumbani, ikasema:

"Mama, maji hayo hapo. Meza dawa, nakuangalia."

Ikanyamaza, kama inampa mtu nafasi ya kumeza. Kisha:

"Haya, vizuri."

Nikageuka. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kesho yake, saa ileile, ikasema tena.

Nikapekua programu moja baada ya nyingine. Sikuona sauti ilikojificha. Jirani yangu mshonaji akaisikia kupitia ukutani.

"Jirani, umeficha mume humo?"

"Ni laptop."

"Laptop inakuita mama?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Kama ni jini, limelelewa vizuri. Lakini litoe."

Mimi si mwepesi wa kuamini mambo hayo. Ila siku moja nilijishtukia nimeshika glasi ya maji kabla haijaniita. Nilikuwa naisubiri.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikanunua diski mpya, kubwa zaidi. Ya zamani nikaazimia kuivunja. Nyundo nikaazima kwa jirani.

Basi, diski kiganjani, nyundo mezani, saa saba ikafika.

Kimya. Kimya kibaya kuliko ile sauti.

Simu ikalia. Alikuwa yule muuzaji.

"Dada, samahani. Ile laptop inaongea?"

"Inaongea."

Akashusha pumzi. "Huyo ni mdogo wangu. Alipohamishwa kikazi alimrekodia mama hiyo sauti humo, iwe inamkumbusha dawa kila saa saba. Akafia hukohuko. Tukaona tukiiuza, mama atapumzika. Kumbe wapi. Tangu iondoke hamezi dawa, miguu imevimba. Hapa nilipo nimekaa naye, ameshika glasi, anasema hajaitwa."

Nikaitazama nyundo.

"Nipe niongee naye."

Nikasikia simu ikihama mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usidhani nimechanganyikiwa, mwanangu. Najua amekufa, nilimzika. Lakini mtoto akikuita, unaitika. Asipokuita, utaitika nini?"

Laptop ilikuwa tumbo wazi mbele yangu, haiwezi kusema neno. Midomo yangu ikanitangulia:

"Mama, maji hayo hapo. Meza dawa, nakuangalia."

Nikasikia glasi ikigonga meno. Funda moja. Jingine.

Hakukata simu. Alikuwa anasubiri, na nilijua anachosubiri.

"Haya, vizuri," nikasema.

Kwa mbali, kaka mtu alikuwa analia.

Nyundo nimeirudisha kwa mwenyewe. Ninaandika haya skrubu zikiwa bado kwenye kisosi. Kesho asubuhi nairudisha diski ya zamani mahali pake, nafunga kifuniko, naibeba laptop mpaka mezani kwa yule mama kabla ya saa saba. Maharusi watanivumilia na kompyuta yangu inayohema.

Ndugu yangu, kabla hujafuta kitu, uliza kwanza kinamwita nani.