Ardis Agoma Kuketi

Mke wangu Ardis aliendesha basi la shule hapa Dakota Kusini mpaka mgongo ulipomkatalia, ndipo watu wa wilaya yetu wakamchagua aende bunge la jimbo. Walidhani wanampumzisha mama wa watu. Hawakumjua.

Alikwenda na jambo moja tu. Kayla Bruns, msichana aliyembeba kwenye basi lile tangu darasa la kwanza, aligonga trela la majani makavu msimu wa mavuno, jioni giza likiingia, akafa. Trela halikuwa na taa hata moja ya nyuma, na sheria ya magari haikulidai taa kwa kuwa ni la shamba. Mwenye trela alikuwa Wendell Haas, mkulima mwenzetu, naye pia mbunge. Hakuna aliyemshtaki, wala aliyelitaja jina lake. Huku kwetu tunajua sana kunyamaza, na mimi ukimya huo umenichosha.

Ardis akaandika mswada: trela lolote likiingia barabara kuu gizani, liwe na taa. Basi!

Jumamosi wabunge wetu hukaa na wapiga kura kwenye ukumbi wa zimamoto, kahawa na donati mezani, kila mtu aseme lake. Siku ile walikuwa wakimsubiri.

"We Ardis, na ng'ombe nao tuwafunge taa?" jirani yetu Galen alipaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Wako mfunge, Galen. Labda ataiona njia ya kurudi kwako. Kila wiki namkuta kwenye mahindi yangu."

"Mkulima mzima unatugeuka!"

"Nimewageuka, ndiyo. Mkikitaka kiti chenu, kichukueni kwenye uchaguzi wa Novemba. Mpaka siku hiyo nimekikalia mimi."

Kamati ya uchukuzi iliuua mswada asubuhi moja, kahawa yao haijapoa. Mwenyekiti, Merle Tiede, alimpigapiga mke wangu begani. "Pumzika sasa, mama. Umejaribu." Ningekuwa karibu ningemng'ata mkono.

Lakini bunge letu lina kanuni. Mbunge anaweza kudai mswada uliozikwa kamatini uletwe mbele ya wote, na theluthi moja ya wenzake wakisimama pale walipo, kamati haina ujanja. Tunaiita kuutoa kwa moshi, kama unavyomtoa mnyama shimoni. Hapo hapana siri: unasimama na jirani zako wanakuona. Ndiyo maana wachache huthubutu.

Nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni, Ardis alipodai. Wakainuka mmoja mmoja. Karani akahesabu, akarudia. Alipungua mtu mmoja.

"Haitoshi," Spika akasema. "Waheshimiwa, ketini."

Ardis hakuketi.

"Mheshimiwa, nimesema keti."

"Nimesikia, Mheshimiwa Spika. Kanuni inasema tusimame. Haisemi mpaka saa ngapi."

Spika akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga. Wenzake Ardis wakatazamana, kisha wakabaki wima, hata bibi mmoja mwenye magoti mabovu.

"Tuna njaa sisi!" Merle akafoka.

"Nenda kale, Merle. Utatukuta."

Sasa, Wendell Haas alikuwa ametoka nje Ardis alipoanza tu kusema, na sote tulijua kwa nini. Mlango ukafunguliwa. Alidhani mambo yamekwisha, maskini. Alifika nusu ya ukumbi ndipo akawaona waliosimama, na macho yote kwake. Nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja. Ardis alimtazama tu.

Wendell akafika kwenye kiti chake, akakishika mgongo.

"Wendell, kaa, bwana," Merle akamwambia. "Kaa chini!"

Hakukaa.

"Nihesabu," akamwambia karani.

Mswada ukatoka kamatini, na wiki iliyofuata ukapita kwa taabu. Galen ameshafunga taa kwenye trela lake, lakini mpaka leo hamsalimii mke wangu dukani. Nilimuuliza kama inamuuma.

"Asinisalimie," Ardis akasema. "Ilimradi namwona mbele yangu gizani."