Mkunga Aliyengoja Neno

Mkunga wa kijiji alikuwa na mikono mipana, kucha fupi, na sauti ya chini hata alipokuwa akiamrisha. Mwaka ule wa pili wa Uhuru, kila Ijumaa alipita kwa Mwanamkuu kumwona Waridi, binti wa mama huyo, wa miaka minne, asiyesema neno. Alikuwa akichuchumaa mbele yake, akiinua kikombe na kusema polepole, "Maji," kisha akingoja, macho yake mdomoni mwa mtoto.

Ijumaa moja Mwanamkuu alishindwa kujizuia. "Bibi, majirani wanasema ana pepo. Wewe ndiwe uliyenizalisha, niambie kweli."

Mkunga alimgeukia. "Kitovu kilimzonga shingoni alipozaliwa, mwanangu. Alichukua kitambo kirefu kabla ya kulia. Niliogopa kukwambia. Si pepo, wala si kosa lako."

Mwanamkuu aliangua kilio, hasira na faraja zikimjia pamoja. Mkunga hakujitetea. Alimgeukia mtoto tena. "Maji," akasema, akangoja.

Waridi alibana midomo, akaiachia. "Ma."

Mkunga akamkabidhi Mwanamkuu kikombe. "Mpe, mwanangu. Ameomba."