Vyuma Nilivyomchagulia Shemeji

Sikumpenda shemeji yangu, na nikisema hivyo sitafuti msamaha wa mtu. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, mkulima wa viazi kule Kibirichia, mtu wa sauti kubwa na tumbo linalomtangulia mlangoni. Siku nilipopeleka posa kwao, alifungua kifurushi cha miraa tulichobeba kama desturi yao inavyotaka, akanusa, akavunja kijiti kimoja, akawageukia wazee. "Hii ni ya juzi. Huyu ametoka Gachoka, kwa watu wa muguka, wanaotafuna majani tu. Macho yake hayajui kuchagua." Wazee wakacheka. Wajomba zangu, watu wazima wenye mvi, wakaambiwa warudi na kifurushi kingine. Tulirudi nacho wiki iliyofuata. Mjomba wangu mkubwa hakuniongelesha njia nzima.

Miaka ishirini baadaye, huyohuyo akaja nyumbani kwangu kuniomba nimchagulie vyuma vya kuchezea gofu.

Presha ilikuwa imempanda vibaya. Daktari alimwambia atembee kwa muda wa saa mbili, mara tatu kwa wiki, la sivyo kiharusi kingemkuta shambani. Lakini kwetu mtu mzima hatembei tu bila kwenda mahali. Majirani watauliza kama amepotelewa na ng'ombe. Alijaribu siku mbili, akaona aibu, akaacha. Mke wangu ndiye aliyewaza gofu. Mimi nilibeba mifuko ya wachezaji pale uwanja wa mjini kabla sijapata ualimu, na bado nilikuwa nikicheza kila Jumamosi. Mpira ukishapigwa lazima ufuatwe, na anayeufuata haulizwi anakwenda wapi. Shemeji akajaribu kwa vyuma vya kuazima, akaupenda mchezo. Mke wangu akanishika mkono jikoni.

"Baba watoto, mchagulie vizuri. Huu mchezo ukimshinda, hatatembea tena. Mimi namjua."

Nikasema nimesikia.

Muuza mitumba mmoja karibu na uwanja alikuwa na seti mbili. Ya kwanza ilikuwa nene mgongoni na pana chini, haina uzuri wowote. Hiyo humsamehe mtu. Ukikosea kidogo, mpira unakwenda tu. Ndiyo ya anayejifunza, hakuna ubishi. Ya pili ilikuwa nyembamba, imeng'arishwa. Ukiugusa mpira na hiyo kando kidogo ya katikati, mikono inaungua hadi kwenye kiwiko, na mpira unakimbilia kichakani. Ni ya mabingwa.

Shemeji alichagua kama watu wetu wanavyochagua panga sokoni. Aligonga kwa ukucha, akatega sikio. Akapitisha kidole gumba ukingoni. Akafumba jicho moja, akatazama kama chuma kimenyooka. Ile nene ilitoa mlio wa sufuria yenye uji. Ile nyembamba ililia vizuri, nami siwezi kukataa.

"Umeskia hiyo?" akasema. "Hii ndio chuma. Hiyo ingine ni ya kuchimba viazi, na majembe niko nayo mingi. Ama unaona aje, Mwalimu? Wewe ndio unajua hii maneno."

Muuzaji alifungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga. Kwetu shemeji wa upande wa mke hapingwi mbele za watu, na ningeweza kujificha nyuma ya desturi hiyo hadi leo. Lakini hakuwa amenikataza kusema. Alikuwa ameniuliza.

"Umechagua kama mtu mwenye macho," nikamjibu.

Akanipiga bega kwa furaha. Neno lake la siku ya posa alikuwa amelisahau kabisa, na hilo likanichoma kuliko neno lenyewe.

Alidumu Jumamosi tatu. Ya kwanza, mipira sita ilipotelea kwenye miti, na wachezaji wa nyuma wakaketi nyasini kumngoja huku wakicheka. Mimi nilisimama pembeni nikistarehe, sitadanganya. Ya pili, viganja vilimtoka malengelenge, mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Ya tatu, hatukumaliza hata nusu. Alikirudisha chuma mfukoni, akasema polepole, "Hii mchezo si ya watu kama sisi." Akaondoka. Wiki chache baadaye tukasikia anashinda kwenye kiti, miguu imevimba, na mkewe akimwambia atoke, yeye anafoka.

Mfuko wake alimtuma mtu aulete kwetu. Mke wangu aliupokea, akaufungua, akakaa akiutazama. Kisha akaenda kuleta wangu. Hajawahi kucheza gofu maishani, lakini ni fundi wa cherehani, na mikono yake inajua unene wa kitu. Akatoa chuma cha namba saba kwenye kila mfuko, akavilaza mezani.

"Mbona yako ni nene?"

Nikanyoosha mkono niirudishe mfukoni, akanizuia.

"Wewe umecheza miaka yote hiyo, na unatumia hii. Yeye ameanza juzi, ukampatia hii."

"Alichagua mwenyewe."

"Si alikuuliza?"

Hapo nikawaka. Nikamwambia habari ya miraa, kicheko cha wazee wao, wajomba zangu waliorudishwa kama watoto waliotumwa dukani wakaleta kitu kibaya. Nikamwambia nilitaka naye achekwe, mara moja tu, mbele ya watu, ajue ladha yake. Alinisikiliza hadi pumzi zikaniishia.

"Wewe ulitaka achekwe," akasema. "Mimi nilikuomba aishi."

Akairudisha namba saba yangu kwenye mfuko wangu, akautundika begani, akatoka nao kwenda kwa kaka yake Kibirichia. Hakuniambia nimsindikize.